Harrier iliyochemsha Kitonga: bolti tatu za nyuma

Mzee alifika gereji akiwa na dumu la lita 20 la maji kwenye buti na bahasha ya kaki mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua boneti akanikabidhi ile bahasha. "Mwanangu, soma kwanza hizi. Sitaki uninunulishe tena kilichokwisha kununuliwa."

Ndani mlikuwa na risiti za mwaka mzima, zimepangwa kwa tarehe. Ni mwalimu mstaafu, na mpangilio ule ulinirahisishia kazi kuliko kifaa chochote nilichonacho. Mara nyingi gari huletwa na maelezo ya "limeguswa kidogo na fundi mmoja hivi", nawe unaanza kubahatisha nini kimebadilishwa na nini kimeachwa.

Gari lenyewe ni Toyota Harrier ya 2004, lile umbo ambalo mjini tunaliita tako la nyani. Modeli ACU30, injini 2AZ-FE ya cc 2,362, gia otomatiki, kilomita 171,000 kwenye dashibodi. Mzee ana shamba la parachichi Njombe na hupanda huko karibu kila mwezi. Tatizo lilianza mlima Kitonga. Ukitoka Ruaha Mbuyuni barabara ni tambarare na joto la bonde lile ni kali, halafu mlima unaanza ghafla, malori yako mbele yanatambaa, na injini inabeba mzigo wake wote bila upepo wa kutosha. Hapo ndipo mshale wa joto ulipanda kwa mara ya kwanza. Alisimama, akasubiri, akaongeza maji, akaendelea. Akifika Ilula mshale umerudi katikati, Njombe anafika bila shida. Safari iliyofuata likarudia, na iliyofuata pia, kila mara likitaka maji mengi zaidi.

Risiti zilisimulia yaliyobaki. Gereji ya kwanza ilitoa themostati, kile kilango kinachofunguka kupeleka maji kwenye rejeta yakipata moto, na kuitupa. Ya pili ilifunga kifuniko kipya cha rejeta kwa 15,000, rejeta mpya kwa 320,000 na wota pampu kwa 110,000. Ya tatu ilifungua hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, ikapeleka uso wake kuchongwa, ikaweka gasketi mpya chini yake, jumla 680,000 pamoja na ufundi. Hapo gari lilitulia miezi miwili tu. Lilipoanza tena, fundi wa tatu akamwambia injini imekwisha, anunue nzima kwa milioni tatu na laki mbili. Mzee alikuwa ameshatumia 1,125,000, na hakuna hata mmoja kati ya waliopokea fedha hiyo aliyemwambia maji yanapotelea wapi.

Swali hilo ndilo lilikuwa kesi yote. Maji ya injini huzunguka kwenye mfumo uliofungwa. Yakipungua, ama yanatoka nje, ama yanaingia kwenye silinda na kuungua, ama yanaingia kwenye oili, ama yanasukumwa nje na gesi iliyoingia kusikotakiwa. Kila njia ina kipimo chake, na vipimo hivyo havigharimu hata robo ya ile rejeta.

Nilianza kwa maswali. Linachemsha wapi? Mlimani tu, na mara chache ukikaza mwendo kwenda Morogoro. Kwenye foleni ya Kimara je, jioni, AC imewashwa? Mshale hautikisiki. Jibu hilo liliondoa feni kwenye orodha, na nakiri feni ndiyo iliyokuwa ya kwanza kichwani mwangu. Feni mbovu huumiza gari linaposimama au kutambaa kwenye foleni. Gari linalopoa kwenye foleni na kuchemka kwenye mzigo linakupeleka kwingine: mzunguko wa maji, rejeta iliyoziba ndani, au moto wa silinda unaovujia kwenye njia ya maji. Rejeta ilikuwa mpya. Nikapitisha mkono juu yake yote injini ikiwa ya moto, sikukuta sehemu ya baridi katikati, maana yake maji yanapita.

Kabla ya kupima lolote jingine nilitaka themostati irudi. Wengi hawanielewi nikisema hivi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Imani iliyoenea ni kwamba nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Wazungu na baridi yao, itoe gari lipoe. Niliunganisha kifaa cha kusoma data na kuendesha Barabara ya Morogoro kwa kilomita 80 kwa saa: maji yalikuwa digrii 72. Injini hii imetengenezwa ifanye kazi karibu na digrii 90. Ikiwa baridi, kompyuta yake inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Mzee alikuwa amelalamika pia kwamba gari limeanza kunywa mafuta, na aliambiwa ni plagi. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi themostati hudhibiti pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo, na mlimani unaweza kuchemka vibaya kuliko mwanzo. Kipimo chochote cha mfumo wa kupoza bila themostati ni kipimo cha gari jingine.

Nilinunua mbili. Moja ya kampuni inayojulikana, nyingine ya boksi jeupe lisilo na namba, kwa sababu nilitaka mzee aone. Tukazitia kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la gesi, zikining'inia kwa uzi, na kipimajoto kando. Ya kwanza, iliyogongwa 82 kwenye sahani yake, ilianza kujifungua kwenye 82 na ilipofika 95 mlango wake ulikuwa umesogea zaidi ya milimita 10. Ya boksi jeupe nayo ilikuwa imegongwa 82, lakini ilianza kupumua kwenye 90, na kwenye 95 ilikuwa imeachia upenyo wa kuingiza ukucha. Ukiifunga hiyo Kitonga, utalaumu rejeta. Kipimo cha sufuria kinachukua dakika kumi na mtu yeyote anaweza kukifanya jikoni kwake kabla ya kumpelekea fundi.

Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa imelala usiku kucha, nilifungua kifuniko cha rejeta na kufunga pampu ya mkono ya kupima mgandamizo. Nikajaza hadi kilo 1.1 kwa sentimita ya mraba, kiwango ambacho kifuniko cha gari hili kinapaswa kuhimili, nikaangalia saa. Baada ya dakika 20 ilikuwa 0.85. Chini ya gari kukavu. Mazulia ya ndani makavu, kwa hiyo hita ni nzima. Kijiti cha oili kisafi, hakuna rangi ya chai ya maziwa.

Hapa ndipo wengi huacha, kwa sababu hawaoni tone. Kwenye 2AZ-FE bomba la ekzosi liko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na abiria, na kinachovuja huko hukaukia kwenye chuma cha moto kabla hakijafika ardhini. Nilichukua tochi na kioo kidogo cha mpini, kile kama cha daktari wa meno, nikakiteremsha nyuma ya injini. Kwenye mstari ambapo hedi inakaa juu ya bloku, mwili wa injini wenye silinda, palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi na nyeupe, kama chumvi iliyokauka ukutani, umeshuka urefu wa kidole. Rangi ya waridi ilikuwa ya kulanti ya zamani, yale maji maalumu ya kupozea injini. Nyeupe ilikuwa ya maji ya kisima. Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, na mzee alikuwa akijaza dumu lake nyumbani.

Nikamshikisha kile kioo. Akatazama muda mrefu. "Kumbe mwaka mzima yanatokea hapa?"

Ukoko ulionyesha maji yanatoka nje. Haukuonyesha kama moto unaingia ndani. Kwa hilo kuna chupa yenye dawa ya bluu: unaiweka mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma, unavuta hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye dawa. Ikiwa hewa hiyo ina gesi ya silinda, bluu inageuka njano. Kwa mngurumo wa kawaida, dakika tano, ilibaki bluu. Nikamwomba kijana wangu aingize D, akanyage breki kwa nguvu na kugusa mafuta kidogo, sekunde chache tu, kisha aachie. Baada ya mara ya tatu dawa ilikuwa kijani, ya nne njano. Ndiyo sababu gari hili lilikuwa linafaulu kila kipimo cha uani na kufeli mlimani. Gasketi ilikuwa inashika injini ikipumzika na kuachia inapobeba mzigo.

Mwisho, kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda ya kwanza 182, ya pili 151, ya tatu 148, ya nne 180, kwa psi. Ringi zilizochakaa huwa hazichagui silinda mbili za katikati zilizo jirani na kuziacha za pembeni zikiwa nzima. Mbili jirani zikishuka pamoja, tazama kilicho kati yao.

Kwa hiyo ilikuwa gasketi ya hedi tena, na fundi wa tatu hakukosea mahali. Alichokosa kuuliza ni kwa nini ile ya kwanza ilikufa, na kwa sababu hakuuliza, yake ikafa miezi miwili baadaye. Gasketi haina nguvu yake yenyewe. Ni karatasi ya chuma yenye tabaka, inayofanya kazi kwa sababu bolti kumi zinaikandamiza. Bolti zikilegea, hata ukiweka gasketi ya dhahabu itavuja.

Nilimwambia mzee ninachokihisi kabla sijafungua, kwa sababu mteja ana haki ya kujua anachokwenda kulipia. Injini za 2AZ-FE zilizotengenezwa takribani 2001 hadi 2006 zina udhaifu unaojulikana duniani kote, kwenye Camry, RAV4, Kluger na hizi Harrier. Bloku ni ya aluminiamu, na uzi unaoshika bolti za hedi umechongwa moja kwa moja kwenye aluminiamu hiyo. Bolti ni za chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kila safari bolti inavutwa, kila ikipoa inaachiwa, maelfu ya mara, huku uzi mfupi wa aluminiamu ndio unaobeba mvuto wote. Bolti za nyuma, upande wa ekzosi, ndizo zinazoteseka zaidi. Baadaye Toyota waliongeza urefu wa uzi ndani ya bloku. Maji ya chumvi bila kulanti hayasaidii, yanaila aluminiamu.

Tukafungua. Bolti nzima ya hedi ukiifungua kwa mpini mrefu hugoma kwanza, kisha inaachia kwa mlio mkavu unaosikika gereji nzima, na mkono unastuka. Saba zilifanya hivyo. Tatu za katikati nyuma zilizunguka kimya, laini, kama bolti ya namba ya gari. Nilipoichomoa ya kwanza, uzi wa aluminiamu ulikuja nayo, umejizungusha kwenye ncha ya bolti kama springi ndogo ya kijivu, ukang'oka wenyewe na kuniangukia kiganjani. Mzee alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni. Akavaa miwani, akauchukua, akaukunjua kwa vidole viwili. Ulikuwa mlaini kama karatasi ya sigara.

Fundi aliyetangulia lazima aliona bolti hizo hazishiki alipokuwa anakaza. Huwezi usiione, mkono unajua. Sitamhukumu zaidi ya hapo kwa kuwa sikuwepo, lakini 680,000 za mzee ziliisha kwenye tundu hilo.

Sasa lilikuja suala la kuchagua, na hapa pana hatari kuliko kwenye kupima. Njia ya kwanza ni ile aliyoshauriwa, kununua injini nyingine iliyotumika kutoka Japani. Inaonekana rahisi: moja inatoka, nyingine inaingia, siku mbili. Lakini ipi? Ukichukua ya miaka ile ile unanunua udhaifu ule ule, ila hujui umebakiza kilomita ngapi. Ukisema utachukua ya miaka ya mbele, yenye uzi mrefu, unaingia kwenye ugonjwa mwingine: 2AZ-FE nyingi za takribani 2006 hadi 2009 zinakula oili, kwa sababu ringi za oili kwenye pistoni zinaziba. Huko Marekani Toyota walifikia hatua ya kubadilisha pistoni na ringi kwa gharama yao kwenye baadhi ya magari hayo. Muuzaji wa Ilala hatakuambia, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui, kwa sababu injini iko sakafuni, imeoshwa, inang'aa. Pia unaweza kukuta plagi za waya na vihisio vimetofautiana na vya gari lako, ukaanza kuhamisha kimoja kimoja. Kwa mtu ambaye bloku yake imepasuka au kranki imekufa, injini ya mtumba ni jibu. Kwa mzee huyu, ambaye silinda zake za pembeni zilisoma 180 na oili yake haipungui, ingekuwa kutupa injini nzuri kwa sababu ya matundu kumi.

Njia ya pili ni kurejesha uzi. Unapanua tundu, unachonga uzi mpya mkubwa, unaingiza kitu cha chuma chenye uzi wa ukubwa wa asili ndani yake, na bolti sasa inashika chuma. Kuna kile cha waya uliosokotwa kama springi, rahisi na kinapatikana Kariakoo, na kuna bushi nzima yenye kuta zake na kola juu. Springi inafaa kwa bolti ya sampu, ya jenereta, na wapo wanaoitumia hata kwenye hedi na ikadumu. Mimi kwa bolti ya hedi nataka bushi, kwa sababu inakaa eneo kubwa zaidi na haizunguki ukija kufungua tena. Za ukubwa huu, M11 kwa hatua ya 1.5 (kipenyo cha milimita 11, na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi), ilibidi tuagize nje. Siku kumi na moja gari lilikaa juu ya mawe. Mzee alipiga simu mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa anauliza kama nimekumbuka kufunika silinda.

Tulifanya zote kumi, si tatu. Saba zilizobaki zilikuwa zimeshika, lakini ni za umri ule ule na zimepitia moto ule ule. Injini tuliitoa nje kabisa. Wapo wanaotoboa injini ikiwa bado ndani ya gari, wakiinama juu ya ukuta wa nyuma, lakini tundu likiinama kidogo tu bolti inasimama upande na hutaijua hadi Kitonga. Nje, kwa sahani ya kuongoza kekee iliyofungwa kwenye uso wa bloku, tundu haliwezi kupinda.

Wakati tukisubiri bushi, nilikwenda kununua spea na mzee akaomba twende wote. Kariakoo, duka la kwanza, kijana nyuma ya kaunta hakuuliza namba ya chasisi. "Gasketi ya hedi ya AZ? Ipo, inaingia RAV4, Noah, Harrier, zote." Akaitandaza. Ukiitazama kwa macho ni ile ile. Nikatoa vernia, rula ya kupimia vipenyo, mfukoni na kupima duara la silinda: milimita 87 na kidogo. Silinda ya 2AZ ni milimita 88.5. Gasketi ile ilikuwa ya 1AZ, injini ndugu ya cc 2,000, ambayo silinda yake ni 86. Ingefungwa, ukingo wake ungechungulia ndani ya silinda, ungepata moto wa kila mlipuko, na ungekufa. Tena lawama ingeangukia bolti mpya. Kijana hakuwa na nia mbaya, alikuwa anauza kwa umbo.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu 17 ambayo programu nyingi za simu zinaidai. Yana namba ya fremu: modeli, kistari, tarakimu saba, kama ACU30 na zinazofuata. Kwenye kibao cha chuma ndani ya boneti utakuta pia aina ya injini, gia na msimbo wa rangi. Piga picha kibao hicho, ikae kwenye simu. Kwa namba ya fremu, duka lenye katalogi litakupa namba halisi ya spea, na ukishaipata namba unaweza kulinganisha bei hata maduka kumi bila kudanganywa na maneno "inaingia". Duka la tatu walifanya hivyo. Gasketi waliyotoa niliilaza juu ya ile ya zamani na kuziinua zote mbili kuelekea mwanga wa mlango: kila tundu la maji, la oili na la bolti lilipitisha mwanga sawasawa. Boksi lilikuwa na namba, na gasketi yenyewe ilikuwa imegongwa alama ileile.

Bolti kumi mpya, bila kujadiliana. Bolti za hedi hizi hukazwa hadi zivutike, na kitabu cha ufundi kinatoa urefu ambao zikiupita zinatupwa. Kifuniko cha rejeta kilichonunuliwa kwa 15,000 nacho kilikuwa kimeandikwa 0.9 badala ya 1.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mgandamizo ndio unaozuia maji kuchemka. Njombe iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji ya sufuria huko huchemka kabla ya digrii 95. Injini inayofanya kazi karibu na digrii 90 inategemea kifuniko kile kuliko watu wanavyodhani. Rejeta mpya na wota pampu tuliviacha. Rejeta ilikuwa sahihi, ya gia otomatiki, yenye kipoza oili ya gia kwenye tangi lake la chini. Pampu haikuwa na mchezo kwenye shafti. Mzee alitaka tuvibadilishe "ili tuwe na uhakika". Nikamkatalia.

Kulanti ilikuwa ya waridi, iliyochanganywa tayari, na dumu la maji ya kisima likabaki nyumbani.

Uso wa hedi, ambao ulishachongwa mara moja, niliupima kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), kona kwa kona na katikati. Kikomo ni 0.05 ya milimita. Nilipata 0.03, kwa hiyo hakuna kuchonga tena, kwa sababu kila unapochonga unapunguza chuma ambacho hakirudi. Bloku nayo ilikuwa ndani ya kikomo. Matundu ya bolti tuliyapuliza hadi yakauka kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikishuka haina pa kuyapeleka, na inaweza kupasua bloku. Tukakaza kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya torki, kisha nikaweka nukta ya rangi nyeupe kwenye kichwa cha kila bolti na kuzungusha robo duara, digrii 90. Nukta kumi zote zikageukia upande mmoja. Zile tatu za nyuma zilinipa ukinzani ule ule kama nyingine, na nilikaa nimeshika mpini sekunde kadhaa baada ya ile ya mwisho, nikihisi kama itaachia. Haikuachia.

Tulitoa hewa gari likiwa limeinuliwa pua, hita imefunguliwa hadi mwisho, hadi mapovu yalipoisha. Pampu ya mgandamizo: 1.1, na baada ya dakika 30 bado 1.1. Dawa ya bluu ilibaki bluu hata kwa D na breki. Kompresheni: 181, 178, 179, 182. Nikaendesha hadi Chalinze na kurudi, kifaa kikisoma kati ya 87 na 92.

Hiyo haikutosha, kwa sababu gari lilikuwa halijawahi kufeli Chalinze. Nilimpa mzee kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, nikamwekea programu kwenye simu ya mjukuu wake atakayekuwa naye safarini, nikamwambia mjukuu huyo anitumie namba anayoiona kila baada ya dakika mbili watakapoanza mlima, na ikifika 105 wasimame. Mshale wa dashibodi usiutegemee kwa kazi hii. Umetengenezwa utulie katikati kwa digrii nyingi, na ukiuona unatembea umeshachelewa.

Jumamosi saa saba mchana, jua la kutosha, jumbe zikaanza kuingia. 91. 93. 94. Kisha kimya cha dakika tano kilichonitoa jasho. Kisha 96, "tuko nyuma ya lori la mbao". 97. 95. 92. Halafu picha: mzee amesimama Ilula, boneti wazi, wauza vitunguu wamemzunguka, naye ameinama juu ya tangi la akiba. Kabla hajaondoka nilikuwa nimechora mstari kwa kalamu ya wino mzito mahali kulanti ilipoishia injini ikiwa baridi. Alinipigia kesho yake alfajiri kutoka Njombe, baridi ikisikika kwenye sauti yake, gari likiwa limelala nje usiku kucha.

"Fundi, imekaa kwenye mstari wako. Nimepima kwa rula."

Amerudi mara moja tangu hapo, kama tulivyokubaliana. Niliteremsha kioo nyuma ya injini. Chuma kilikuwa kikavu, cha kijivu, hakina ukoko.